Babu Yangu, Hoteli ya Mzungu na Lile Jiwe la Uani

Mpaka leo nikipita Shangani kuna watu wazima, wenye ndevu zao na wake zao, wananibwekea. Watoto siwahesabu, watoto nishawazoea, nawarushia kipande cha ngozi wanakimbia, nnasema watu wazima, tunaosali nao safu moja, tukishatoka nje tu mmoja anasafisha koo na mwengine anatoa sauti chini kwa chini, "hau!", na mimi najifanya naangalia viatu vyangu. Basi kwa kuwa kila mtu mjini anakihadithia kisa hiki kwa namna yake (wengine wamekiongezea hata mkia), bora nikiseme mwenyewe, na walioniingiza niwataje kwa majina, maana mimi nimepona mengi katika nchi hii, nimepona Mapinduzi, nimepona kubomolewa nyumba, nimepona foleni za mchele, na katika yote hayo aibu haikunipata, ikaja kunipata siku niliyokwenda kumtafuta babu yangu.

Wa kwanza kumlaumu ni shemeji yangu Mbaraka, ndugu wa mke wangu Zuwena. Anayemfuatia ni shangazi yangu Bi Kidawa wa Bububu, Mungu ampe umri mrefu ili nizidi kumlaumu. Yuko na Ndugu Ussi wa majumba, lakini huyo nusu nimemsamehe.

Sisi tulikuwa watu wa Ng'ambo. Nyumba yetu ilibomolewa kupisha yale majumba ya ghorofa, tukaambiwa tungoje, na wakati tunangoja tukatiwa chumba cha chini katika jumba kubwa Shangani, lile ambalo zamani za wazee lilikuwa hoteli ya Mwingereza mmoja watu wakimwita Bwana Jimu. Wenyewe wanasema aliifanya kama zile nyumba za wageni za kwao Uingereza, chini ulevi juu vitanda, mabaharia na matajiri wa pembe za ndovu wanalala humo wakingoja meli, na juu ya mlango bado kuna vyuma viwili vilivyokuwa vinaning'iniza ubao wenye picha. Baada yake jumba lilipita mikono mingi, na baada ya Mapinduzi likawa la serikali, tukakaa humo familia tele, kila mlango na jiko lake, kila jiko na moshi wake. Mimi ni fundi wa makubadhi, viatu vya ngozi, nilikuwa nashonea barazani pale pale mlangoni, na Zuwena akikaanga muhogo ubavuni pangu, na wateja wetu wote ni wa njia ile. Chumba kilikuwa kinavuja, sikisifu, lakini ndicho kilichotulisha.

Siku moja akaja Ndugu Ussi, bwana wa majumba ya serikali, mtu wa miwani na shati lililonyoshwa, akatukusanya uani.

"Ndugu zangu, jumba hili litatiwa mkono, litengenezwe. Nyote mtapelekwa Mwanakwerekwe, mtapewa viwanja mjenge." (Mwanakwerekwe ya wakati ule ilikuwa mihogo na makaburi, kubadhi nimuuzie nani, maiti?) "Isipokuwa familia moja itabaki kuangalia nyumba. Nnataka mtu mwenye asili na jumba hili. Yupo?"

Kimya. Mtu hakukohoa. Nyinyi mliokuwa wadogo hamjui, lakini zama zile kusema una asili na jumba kubwa ilikuwa hatari. Kabla ya Mapinduzi kila mtu babu yake alikuwa na jumba, na baada ya Mapinduzi mababu wale wale wakageuka wote mahamali wa kubeba mizigo. Hata kwetu. Babu yangu Feruzi mimi sikumwona, lakini nilipokuwa mtoto nilisikia kuwa yeye ndiye aliyekuwa na hoteli ya Mzungu, Mzungu mwenyewe mlevi tu, funguo zote ziko kiunoni kwa Feruzi. Nilipobaleghe akawa mpishi. Na baada ya Mapinduzi akawa mchukuzi wa masanduku aliyekuwa akipigwa mateke. Mtu keshakufa zamani na bado anabadilishwa kazi! Sasa mimi pale uani kichwa kinanizunguka, babu yupi nimtoe, wa funguo au wa mateke?

Mbaraka, ambaye alikuwa na chumba juu na hataki kuhama, akitumai kubaki kwa mgongo wangu, akanidunga kiwiko cha mbavu. "Sema, we! Sema babu yako!"

Nikanyoosha mkono. Huo mkono ndio ulioniponza.

"Nani wewe?" akauliza Ndugu Ussi.

"Sudi Khamis Feruzi. Babu yangu ndiye aliyekuwa mwenyewe hapa." Nikaona watu wananiangalia kwa jicho, nikaogopa. "Yaani si mwenyewe, mtumishi. Yaani mtumishi aliyekuwa akiendesha."

"Kipi, ndugu? Mwenyewe au mtumishi?"

"Vyote."

Watu wakacheka. Ndugu Ussi hakucheka, akatoa miwani akaifuta. "Na una nini cha kuonesha?"

Hapo ndipo likanijia neno la shangazi Bi Kidawa, ambalo tangu utotoni tukimuuliza habari za babu hujibu hilo hilo kisha huingia jikoni: "Babu yenu kamalizikia pale pale kwa Mzungu." Na pale uani, chini ya ukuta, palikuwa na jiwe limesimama, limechongwa vizuri, lina maandishi ya Kizungu, mbele yake pamenyanyuka kidogo kama tuta. Zuwena alikuwa akilianikia matambara. Mimi nimesoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kizungu sizijui. Nikanyoosha kidole. "Yuko pale."

"Kaburi la babu yako?"

"Naam."

"Na mnalisomea?"

"Kila Shaabani!" akadakia Mbaraka, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Ndugu Ussi akafurahi, wallahi akafurahi kweli. Akasema kuna mama wa Kizungu atapita na meli, wazee wake ndio waliokuwa na hoteli hii, anafuatilia alama walizoziacha, na ameshaomba ruhusa aione nyumba. Sasa itapendeza akikuta ukoo wa yule mzee wa Kizanzibari aliyeiendesha bado upo na bado unamkumbuka mzee wake. "Khitma hiyo isomeni siku atakayokuja. Chumba chako hakina maneno."

Akaenda zake. Zuwena akaliangalia jiwe, akaondoa matambara yake moja moja.

Mimi si mwongo wa kuzaliwa. Nilitaka hakika. Nikafunga safari mpaka Bububu kwa shangazi, nikamkuta anachambua mchicha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Una njaa?"

"Sina njaa. Nnataka kujua, babu Feruzi kwa Mzungu alikuwa nani hasa? Alikuwa mwenye hoteli?"

"Nani kakwambia? Feruzi mtu wa bara, kaja na kanga ya mamake, awe na hoteli?"

"Basi mpishi?"

"Chai ilikuwa ikimshinda."

"Mchukuzi?"

"Mgongo wake ulikuwa mbovu."

"Sasa alikuwa nani?"

Akachambua mchicha ambao keshauchambua. "Alikuwa mtu wa Mzungu. Alimpenda, akimpa nguo, akimpa nyama. Nyama kila siku, Sudi, sisi tukila dagaa."

"Na kazikwa pale uani?"

"Yupo aliyezikwa pale," akasema, akainuka akaingia jikoni.

Sasa niambieni, mngefahamu nini nyinyi? Mimi nilifahamu kuwa ndiye. Nilipomwalika khitmani akasema mguu unamuuma, na ule mguu siku ile nilimwona nao anamkimbiza kuku.

Tukaanza matayarisho. Mimi na Mbaraka tukang'oa majani, tukalisugua jiwe kwa chokaa na limau, tukalipanga tuta kwa kokoto nyeupe. Nikaona dogo. "Mbaraka, mbona kaburi fupi hivi?"

"Watu wa zamani walikuwa wafupi."

"Hata hivyo, halifiki kiunoni."

"Mtu akizeeka hujikunja, Sudi. Na hayo maandishi ni Kizungu cha zamani, hakisomeki, usijichoshe." (Yeye alikuwa akijigamba anajua Kizungu kwa sababu aliwahi kubeba mizigo bandarini.)

Zuwena alikuwa na mchele alioupata kwa kusimama foleni tangu alfajiri, ameuficha chini ya kitanda kwa ajili ya sikukuu. Akautoa wote. Aliniambia neno moja tu: "Sudi, huyu babu yako ndiye huyu kweli?" Nikamwambia ndiye. Akaukosha mchele.

Siku ikafika, asubuhi, mwisho mwisho wa Shaabani. Tukatandika majamvi uani, chetezo kinafuka ubani, majirani wote wakaja, hata wale waliokuwa wanahamishwa, kwa sababu wali ni wali. Maalim Idi akagawa juzuu, akakaa mbele ya jiwe, akalitazama, akageuza kichwa akalitazama tena.

"Sudi, mbona kaburi hili halikuelekea kibla?"

"Maalim, nyumba hii ndiyo iliyopinda," akajibu Mbaraka kabla yangu.

Maalim, mtu mstaarabu, akafungua juzuu yake. Tukasoma. Tukasoma vizuri, mpaka na mimi moyo ukanilainika, nikafikiri huyu mzee wa watu amelala hapa miaka yote anaanikiwa matambara, hakuna mtu wa kumsomea hata Fatiha, na nikaona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Nikachukua mrashi nikalirashia jiwe marashi mpaka likachuruzika, kisha (hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze kila nikikumbuka) nikalikumbatia, shavu kwenye jiwe, nikalia. Nikasema kwa sauti, kila mtu kasikia: "Babu yangu, nisamehe, sikukujua!"

Nilipoinua kichwa, mlangoni kasimama Ndugu Ussi na mama wa Kizungu.

Mama mtu mzima, kavaa kofia ya ukili ya kununua hapa hapa, pua imeungua jua. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye lile jiwe. Akatia mkono mdomoni. Akapita katikati ya majamvi (viatu kavivua mwenyewe, adabu anayo), akapiga magoti pembeni yangu, akapapasa yale maandishi kwa vidole na machozi yanamtoka.

Nikasikia mama mmoja nyuma anamnong'oneza mwenziwe, lakini mnong'ono wa kusikika mpaka Forodhani: "Ala! Kumbe wamoja! Kumbe Sudi chotara!"

"Ndio maana hapendi pilipili," akajibu mwenziwe.

Sitaki kusema uongo, nilijishika pua. Nikawa najiuliza, babu yangu ndiye babu yake? Bwana Jimu ndiye Feruzi? Kasilimu akabadili jina? Mbona mimi mweusi hivi? Na yule mama ananiangalia kwa huruma, ananishika bega, anasema maneno, na mimi naitikia "naam, naam" tu, nalia tena, safari hii sijui nalia nini.

Yule mama akamuuliza Ndugu Ussi jambo, akionesha juzuu na chetezo. Ndugu Ussi akamjibu kwa maringo, Kizungu kirefu. Yule mama akaacha kulia. Akatutazama sote, mmoja mmoja. Akasema kitu kifupi. Ndugu Ussi akamuuliza tena kama hakusikia, mama akarudia. Ndugu Ussi akainama, akasoma lile jiwe mwenyewe kwa mara ya kwanza (sasa ndio usome?), akavua miwani, akajifuta uso wote.

"Maalim," akasema taratibu, "hebu funga msahafu kwanza."

Maalim akaufunga.

"Ndugu zangu, huyu mama anasema... hapa hakulala mtu. Hapa amelala mbwa wa babu yake."

Hata mafuta ya muhogo nje barazani niliyasikia yanalia. Kisha mtu mmoja akarudisha mkono wake uliokuwa umeegemea tuta kama ameunguzwa, na hapo uani pakafumka. "Mbwa?" "Mbwa gani?" "Tumemsomea mbwa!" "Juzuu ngapi?" "Mimi nimemaliza Tabaraka nzima!"

"Tulieni!" akasema Maalim. "Mlichosoma kwa nia njema hakipotei, tutawaelekezea marehemu wetu wote. Na mbwa kwanza keshakuwa udongo. Jiwe kavu na mkono mkavu, hapana neno."

"Maalim," nikasema, "jiwe limerowa. Nimelirashia marashi."

"Eee."

"Na nimelikumbatia."

Maalim akanitazama shavu langu linalometa marashi, akajivuta nyuma kidogo kwenye jamvi. Mbaraka ndiye aliyepiga ukelele: "Najisi ya mbwa huoshwa mara saba! Moja kwa udongo!" Na watu wote, walioligusa na wasioligusa, wakakimbilia bomba, wengine wanachota udongo kwenye chungu cha mrehani wa Zuwena, wanasugua mikono, wanasukumana, Maalim anapiga kelele kuwa si lazima, si lazima, hakuna anayemsikia. Mimi nikawa nasugua shavu. Na yule mama wa Kizungu, akaona wote tunanawa udongo, akadhani ndiyo ada ya khitma, akajipanga foleni. Ndugu Ussi akaniambia, "Anauliza na yeye asugue shavu?"

Nilidhani yamekwisha. Nikamtazama Zuwena, kasimama penye sufuria la wali wa sikukuu yetu na upawa mkononi, akanitazama mimi na mlango wa chumba chetu. Nikajua kinachopita kichwani mwake: Mwanakwerekwe.

Lakini yule mama alipokwisha kujifuta akaanza kuhadithia, na Ndugu Ussi akawa anatufasiria, na watu wakasogea, maana aibu ya mwenzio ni tamu kuliko wali.

"Anasema bibi yake alikuwa akimsimulia. Babu yake alikuwa na mbwa mkubwa, akimpenda kuliko wageni wa hoteli. Na palikuwa na mtu kazi yake ni mbwa huyo. Akimwogesha, akimpikia nyama, akimtembeza pwani, usiku wanalala pamoja ukumbini. Mbwa alipokufa mtu yule ndiye aliyemchimbia, na jiwe hili kalichonga kwa mkono wake, maandishi akichorewa chini naye akiyafuata. Anasema mtu huyo alilia zaidi kuliko mwenye mbwa. Jina lake Feruzi." Akawageukia watu. "Anauliza, nani hapa wa Feruzi?"

Sasa yote yakanijia kwa pamoja, ile nyama kila siku, ule mchicha uliochambuliwa mara mbili, na kazi za babu zilizokuwa zikibadilishwa kila wakati kwa sababu ile ya kweli haikutamkika. Katika mji huu, mtu wa kuogesha mbwa! Nani alikuwa akimpa mkono? Nani alikuwa akila naye sinia moja?

Ningeweza kusema simjui. Majirani walikuwa wananingoja niseme simjui. Lakini ningesema hivyo chumba kingekwenda, na Zuwena na karai lake la muhogo vingekwenda kwenye makaburi.

"Wa Feruzi mimi," nikasema. "Mjukuu wake."

Yule mama akanikumbatia, shavu lenye udongo. Ndugu Ussi akasema haya basi, asili imepatikana, chumba chako. Na kutoka nyuma ya watu, bado sijashusha pumzi, nikasikia: "Hau!"

Ilikuwa sauti ya Mbaraka. Ndugu wa mke wangu, aliyenidunga kiwiko. Na hiyo ndiyo iliyowafungulia wengine wote.

Wali waliula. Msidhani waliuacha. Waliula mpaka ukoko.

Kesho yake nikenda Bububu, safari hii sikuamkia.

"Ulijua!"

"Nilijua," akasema Bi Kidawa.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza mwenye hoteli, nikakwambia siye. Ukaniuliza mpishi, nikakwambia siye. Za mbwa hukuniuliza." Kisha sauti ikamshuka. "Mimi mwenyewe nilitafutiwa mchumba mara ngapi, watu wakisikia binti wa Feruzi wa mbwa wanarudisha posa? Leo niende nikaliseme hilo kwa mdomo wangu?"

Nikakaa chini. Nikamwambia haya, yamepita. Basi yeye mwenyewe babu kazikwa wapi, niende hata peke yangu nikamsomee?

"Ng'ambo, mwanangu. Nyuma ya nyumba yenu ile, palipokuwa na mibuyu midogo... mlipokuwa mkicheza. Watu hawakutaka alazwe karibu na wao, basi akawekwa pembeni, bila ya jiwe. Si pameshapitiwa na katapila?"

Pamepitiwa. Nimekwenda kupatazama. Pana msingi wa zege mpana kama barabara, na nguzo za chuma zimesimama juu yake, sikujua niinue mikono nikielekea wapi, nikasoma nikiwa nazunguka, mpaka mlinzi akanifukuza.

Chumba bado ninacho. Wenzangu wako Mwanakwerekwe, na Mbaraka naye yuko huko, lakini kila Ijumaa hupanda baiskeli yake akaja mpaka dirishani kwangu kunisalimu ile salamu yake. Dirisha lenyewe linatazama jiwe. Zuwena hataki tena kulianikia matambara, na mimi majani yakiota nayang'oa, nayang'oa mapema kabla watu hawajaamka, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki cha mkono wa babu yangu, na alikichonga vizuri, fundi mimi najua kazi ya fundi. Lakini habari za wazee nimeapa siulizi tena. Mtoto wangu akiniuliza babu yake mkuu alikuwa nani, namwambia kale muhogo, kisha naingia jikoni.